Kiti cha Papa Faustin Kiwekwe Wapi

Ninyi mlioachiwa kibanda changu pale Mangobo, shikeni neno hili kabla ya mengine: mtu akiwaletea baiskeli ya marehemu, msikimbilie spana. Mpeni kigoda akae. Atawasimulia mvua, atailaumu barabara, atauliza bei ya tairi ambayo hata haihitaji, na ninyi mwitikieni tu. Akiyamaliza hayo ndipo atalitaja jina la aliyekufa. Kazi inaanzia hapo. Najua subira hamna. Mmezoea kutazama kwenye simu mtu akifumua gurudumu na kulirudisha kabla chai haijapoa, na mnafikiri ufundi ndio huo.

Mimi watu waliniita Docta, na waliotaka kunisifu zaidi waliniita Docta Kinga, kwa sababu baiskeli kwetu Kisangani ni kinga. Hospitali niliijua kwa kulazwa tu. Lakini wagonjwa wangu hawakunung'unika, na karibu wote walirudi nyumbani kwa magurudumu yao wenyewe. Sasa mikono inatetemeka, macho hayaoni tena tundu la spoki, na mke wangu amenikataza kuja kuwasumbua. Ndiyo maana nawaandikia.

Enzi zangu kazi ilikuwa toleka. Zimebaki chache, mnaziona Makiso karibu na masoko, baiskeli yenye mto laini nyuma kwa ajili ya abiria. Neno lenyewe ni Kilingala, maana yake tupite. Mwanamume mwenye toleka alilisha nyumba, alisomesha watoto, alijenga hata ukuta wa matofali ikiwa hakupenda pombe sana. Asubuhi walipita mbele ya kibanda wengi hata kuvuka barabara ilikuwa kazi. Kisha pikipiki zikaja, watu wakaonja mwendo, na toleka zikaanza kutundikwa ukutani, kuegemezwa nyuma ya jiko, kulaliwa na kuku. Nilidhani nitakufa njaa. Nilichokuwa sijui ni kwamba wenye baiskeli nao watazeeka, watakufa, na siku moja mtoto wa mmoja wao atafagia nyuma ya jiko, ataiona, na atashindwa kuendelea kufagia. Hao ndio walionilisha mpaka nikaacha kazi. Hawakuleta baiskeli ili waendeshe. Walitaka baba yao awe na kitu kinachosimama nyumbani.

Kusoma baiskeli nilifundishwa na Papa Asumani. Alikuwa mtu wa zile familia za Waislamu waliokuwa hapa tangu mababu zao walipokuja na misafara ya biashara, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, sisi tulikuwa tunamwigiza akigeuka. Kofia yake nyeupe ilikuwa na alama za vidole vya mafuta kuizunguka yote. Nilipoanza kwake nilikuwa mwepesi kama ninyi. Baiskeli ikifika, mimi mbio: mnyororo umelegea, rimu imepinda, gololi zimekwisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Sikukuuliza imeharibika wapi. Nimekuuliza mwenyewe anakaaje."

Sikuelewa. Akaipindua baiskeli miguu juu, akanionyesha. Pedali ya kushoto imelika kuliko ya kulia, basi goti la kulia linamuuma. Rangi imetoka kwenye mwamba wa mbele, tena pande zote mbili, basi kuna mtoto anayepakiwa hapo na viatu vyake vinagonga. Mpini mmoja umekuwa laini na mwingine bado una meno, basi anaendesha kwa mkono mmoja na mwingine ameshika kitu, huenda sigara, huenda mwamvuli. Papa Asumani alikuwa anazungumza juu ya mtu ambaye hajawahi kumwona, na mwenyewe alipokuja jioni kuchukua baiskeli, nikamkuta vilevile, na goti lake na mwamvuli wake.

Alikosea mara moja nilipokuwepo, na hata hapo hakukubali. Alikuwa ameinamia baiskeli ya mtu wa kwenda Bangboka, akaniambia, "Huyu anakunywa. Tazama pedali ilivyokwaruzika. Anaanguka, na kila mara anaanguka upande uleule."

Sauti nyuma yetu ikasema, "Papa Asumani, mimi niko katekista."

Papa Asumani hakugeuka. "Sikusema unakunywa nini," akamjibu.

Katekista alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akatueleza kwamba njia ya kwenda kwenye kanisa lake dogo ina shimo upande huo, na yeye kila Jumapili anasahau.

Mengine ya mikono mnayajua, nitayapitia haraka. Nati iliyoshikwa na kutu msiipige nyundo. Itilieni petroli, mwende mkale, mrudi. Chuma cheupe kisugueni kwa majivu na limau juu ya kitambaa, msipeleke msasa, msasa unakula na kumbukumbu. Spoki zigongeni kwa ukucha moja baada ya nyingine: iliyokaza inalia, iliyolegea inakohoa. Na mkimwona mjane amepaka mnyororo mawese kwa mapenzi yake yote, msimcheke. Mwambieni taratibu kwamba mawese ni ya kupikia pondu, kisha muwafukuze siafu kabla hamjaanza.

Na rangi. Hapa nitakasirika kidogo, mnivumilie. Alikuja kijana mmoja kutoka Kinshasa, miwani ya jua usoni hata ndani ya kibanda, na baiskeli ya marehemu baba yake. Alitaka ing'ae. Nikamwambia tuisafishe tu, tuitie mafuta, tuiache na umri wake. Akasema, "Papa Docta, maman anapashwa kuona kama tunamuheshimu papa." Alikuwa amekuja na rangi ya dhahabu, kopo zima. Baiskeli ni ya kwao, nikapaka. Tulipoifikisha nyumbani, mama yake aliizunguka, akaizunguka tena, akauliza, "Bon, na ya papa yenu iko wapi?" Shangazi zake wakaanza kunitazama vibaya, mmoja akasema wazi kwamba tumeiuza ile ya kweli. Kijana akaapa kwa majina yote. Mama akapitisha mkono chini ya mwamba, akakuta pale palipobonyea tangu zamani, akajua. Alilia, lakini alilia kwa hasira. Niliibandua ile dhahabu siku nyingi, kipande kwa kipande, na hata leo nikiona kopo la rangi ya dhahabu dukani napita upande wa pili wa njia.

Basi sasa niwaambie habari ya Papa Faustin, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nitafute kalamu.

Sikuwahi kumtengenezea baiskeli akiwa hai. Alikuwa akipaki toleka yake Makiso, akingoja abiria, na alikuwa na fundi wake hukohuko. Aliyeniletea ni binti yake, Georgette, muuguzi, mwanamke wa maneno machache. Alifika juu ya pikipiki, fremu ameilaza mapajani, na mfuko wa vyuma begani. Nikampa kigoda. Hakusimulia mvua wala barabara.

"Papa Docta, njo velo ya papa. Iko vipande."

"Vipande vingine viko wapi?"

"Guidon, ile ya kushika na mikono, ilikuwa kwa grand frère, niko nayo hapa mu mufuko. Roue ya mbele nilikuta kwa shangazi, watoto walikuwa nachezea yo. Ya nyuma iko kwa Tonton Polycarpe, leki ya papa, mudogo wake. Na yeye hataki kuitosha mu nyumba yake."

Mnajua desturi. Baada ya mazishi, upande wa baba na watoto wanakaa kugawana vitu vya marehemu, huyu shati, huyu redio, huyu kiti. Kwa Papa Faustin walifika kwenye baiskeli wakashindwana, na kwa sababu kila mtu aliitaka, waliifungua wakagawana vipande. Nimeona mengi, lakini baiskeli kugawanywa kama kuku, paja kwa huyu na shingo kwa yule, hilo lilikuwa geni kwangu. Nikamwambia Georgette hivyo. Hakucheka. Akanieleza kilichomleta.

Mama yake, Mama Véronique, alikuwa bado anavaa nyeusi. Siku ya kutoa matanga ilikuwa imeshapangwa: wangesali, angevua nyeusi, angevaa liputa mpya ya kitenge, watu wangekula na kila mtu angerudi kwenye maisha yake. Watoto walimuuliza anataka nini siku hiyo, wakitegemea atataja nyama au orkesta. Mama akasema jambo moja tu. Kila Jumapili, miaka yote ya ndoa yao, Papa Faustin alimrudisha nyumbani kutoka kanisani juu ya ile kinga, yeye amekaa upande nyuma, ameshika shati la mume wake. Siku ya kutoa matanga atarudi nyumbani vilevile.

"Alisema kama kinga haiko, tumuache ku kanisa," Georgette akasema. "Na mama yangu, Papa Docta, akisema atabakia, atabakia."

Nikamwambia gurudumu la nyuma si tatizo, ninayo mengi ya zamani, nitamtafutia linalofanana. Akaenda kumuuliza mama yake. Akarudi kesho yake na jibu, akanipa kama alivyopewa: "Roue ya mutu mwingine itanipeleka ku nyumba ya mutu mwingine."

Ndiyo hivyo. Georgette akawa anakwenda kwa baba yake mdogo, na kila akienda anarudi mikono mitupu. Mzee hakumtukana, hakumfukuza. Alikuwa anamkaribisha, anampa maji, na akitaja gurudumu anatazama pembeni. Grand frère, yule kaka yake mkubwa, naye akaenda, yeye kwa sauti kubwa, akisema ataleta polisi. Hapo Tonton Polycarpe akafunga mlango kabisa. Siku inakaribia, mjane ameshashona liputa, na mimi nina baiskeli isiyo na nyuma.

Nikafanya nilichoweza kufanya. Nikasafisha fremu, nikanyoosha gurudumu la mbele ambalo watoto walikuwa wamelifanyia mambo, nikatia petroli pale kwenye kibano kinachoshika bomba la kiti. Mnalijua lile bomba linaloingia ndani ya fremu na kubeba kiti. Lilikuwa limeng'ang'ana, nikaliacha linywe. Lilipotoka nililifuta kwa kitambaa, nikalipeleka kwenye mwanga.

Kibano kikikaza bomba mahali pamoja kwa miaka, kinaacha alama, kama pete kwenye kidole. Kila baiskeli ya zamani ina pete yake moja. Mwenyewe anajua urefu wake, akishaupata haugusi tena. Hili lilikuwa na pete mbili. Moja karibu kabisa na kiti, ya mtu mfupi, kwa maana bomba limezamishwa. Nyingine iko mbali chini, ya mtu mrefu. Na zote mbili zilikuwa zimechimbika, zimelika, si za siku mbili za kuazimwa. Katikati yake bomba lilikuwa na mikwaruzo mingi ya kupanda na kushuka. Kiti hiki kilikuwa kimeinuliwa na kushushwa, kikainuliwa na kushushwa, labda kila siku, muda mrefu sana. Nikageukia pedali. Zile nazo zilisema hivyohivyo: mmoja alikanyaga kwa katikati ya mguu, mwingine kwa vidole.

Georgette alipokuja nikamuuliza, "Papa yako alikuwa mrefu?"

"Mulefu sana. Watu walimuitaka Antenne."

"Na mfupi aliyeendesha hii velo ni nani?"

Akaniangalia kama mgonjwa wake anayeropoka kwa homa. "Hapana mutu. Papa hakuazimaka mutu velo yake. Hata sisi watoto."

"Kamuulize mama."

Hakumuuliza. Alimleta. Mama Véronique aliingia kibandani na nyeusi yake, akakaa kwenye kigoda, nikamwekea lile bomba mapajani. Akapitisha kidole kwenye pete ya mbali, kisha kwenye ile ya karibu.

"Ni Polycarpe," akasema. "Walinunua bote babili, kabla Faustin anioe, mi nilikuwa jirani. Faustin asubuhi, Polycarpe jioni. Kila mumoja akifika alikuwa nabadirisha siège, kuipandisha na kuitelemusha, na walikuwa nagombana kila siku juu ya ile siège, na kucheka."

Georgette akamgeukia. "Maman, juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuniuliza. Na papa yako hakutaka ile jina mu nyumba. Ilikuwa maneno ya ndugu babili, mi ningeingia wapi?"

Nikakaa na lile bomba siku nzima bila kulirudisha mahali pake. Siwezi kuwaficha, nilijisikia vibaya kwa mzee nisiyemjua. Watu wawili walikuwa kwenye baiskeli hiyo, na familia nzima ilikuwa inamlilia mmoja huku ikimtishia mwingine polisi. Asubuhi nikalifunga bomba kwenye gazeti, nikaenda Makiso. Nilikwenda na pikipiki. Ndiyo, mimi Docta Kinga, nimekumbatia kiuno cha kijana anayepiga honi kwa kila mbuzi. Niliomba nisionwe na mteja hata mmoja, na bila shaka nilionwa.

Tonton Polycarpe alikuwa mlinzi wa depo moja upande wa bandari. Mtu mfupi, mabega mapana, redio ndogo sikioni. Nilipojitambulisha uso ukafunga.

"Kama ni juu ya roue, Docta, rudilia kule ulitoka."

"Sikuja kuomba gurudumu," nikamwambia. "Mimi niko na shida ya ufundi. Kiti sijui nikiweke wapi." Nikamfungulia gazeti.

Hakulichukua mara moja. Alizima redio kwanza. Kisha akalishika, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye ile pete ya karibu, bila yeye kutazama. Akakaa nalo hivyo hata dereva wa lori aliyekuwa akingoja lango akaanza kupiga kelele, na Polycarpe akamwambia angoje, hapa kuna mgeni.

Akaniambia yote pale langoni. Walitoka Maniema vijana, wakabeba mizigo mpaka wakapata ile baiskeli. Waligawana mchana. Kisha yeye akasikia habari za almasi, akaenda kuchimba, akakaa sana, akarudi na malaria peke yake. Alipofika kuchukua zamu yake ya jioni, kaka yake alikuwa na mke, watoto, na tairi mpya. "Yaya, kaka yangu, akaniambia, wee ulitupaka kinga, kinga iko yangu. Na alikuwa na haki, kidogo. Mi pia nilikuwa na haki, kidogo. Donc, kila mumoja akabakia na ya kwake." Walionana kwenye misiba tu, na kwenye misiba hiyo walisalimiana kwa kichwa.

"Na siku ya kugawa," akasema, "walinipatia chemise moja. Chemise ya yaya inanifika hapa." Akagusa magoti yake. "Njo nikabeba roue. Nilisema, sasa watakuja kuniuliza juu ya nini nilibeba roue. Georgette alikuja, akasema, tonton, leta roue. Yule mukubwa alikuja, akasema, leta roue. Mutu hata mumoja hakuniuliza juu ya nini."

Nikamuuliza, "Basi, kiti nikiweke wapi?"

Akanirudishia bomba. "Enda, Docta. Lori iko nangoja."

Nilirudi Mangobo bila jibu na bila gurudumu, na Georgette aliponiuliza nikamwambia sijui. Kwa kweli sikujua. Siku ikakaribia mno. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria maneno ya kumwambia mjane, nilipomwona mtu mfupi anakuja kwa miguu kando ya barabara, gurudumu begani, pikipiki zinamkwepa.

Alikuwa amelifunika kwa shuka. Nikalifunua. Vijana wangu, hapakuwa na kutu hata mahali pamoja. Spoki zilikuwa zimefutwa moja moja, ekseli ina mafuta mapya. Nikazigonga kwa ukucha, zote zikalia. Mtu aliyefunga mlango kwa hasira alikuwa amelitunza gurudumu lile kuliko wengine walivyotunza mashati.

"Siège weka pale kwa yaya," akasema, na akaondoka kabla sijampa kigoda.

Nilifikiri amefanya hesabu ya kawaida: grand frère ndiye atakayemwendesha mama yake, naye ni mrefu kama baba. Nikaweka kiti kwenye pete ya mbali, nikakaza.

Siku ya kutoa matanga nilialikwa, nikaenda na spana mfukoni, kwa mazoea. Misa ilikwisha, Mama Véronique akaingia chumba cha pembeni na wanawake wenzake, akatoka na liputa ya kijani na kitambaa kichwani. Baiskeli ilikuwa imesimama mlangoni, mto wa nyuma umefutwa vizuri, umri wake wote uko palepale. Grand frère akasogea kuishika. Mama akamzuia kwa mkono. Akawatazama watu waliosimama uani, wa kanisa, wa mtaa, mpaka akampata mmoja kule nyuma karibu na ukuta.

"Polycarpe," akasema, "uko nangoja nini?"

Watu walimpisha. Alikuja amevua kofia, hajui aiweke wapi, na Georgette akaipokea kutoka mkononi mwake. Nikatoa spana nikainama kushusha kiti, maana kwa urefu ule asingeweza. Akanishika bega.

"Acha, Docta. Leo iko ya yaya."

Alipanda kwa kuruka. Mama Véronique akakaa upande nyuma kama alivyozoea, akashika shati. Waliondoka wakiyumba vibaya. Miguu ya mzee haikufikia pedali ikienda chini, ilibidi aihamishe nyonga huku na huku, kiti kinampeleka kushoto, anajirudisha kulia, na wanawake wanapiga vigelegele na kucheka na kujifuta macho. Mimi nililia tu, sikuchanganya na kitu kingine. Walifika kwenye njia panda ya nyumbani, na hawakukata kona. Walinyoosha barabara ya Makiso.

Tulifika nyumbani kwa miguu, chakula kikawekwa, hakuna aliyekigusa. Grand frère alitaka kuwafuata na pikipiki, Georgette akamwambia akae. Tukangoja mpaka jioni, wazee wakaanza kusinzia vitini. Kisha watoto wa mtaa wakaanza kukimbia, na baiskeli ikatokea, polepole, Polycarpe amelowa jasho mgongo mzima, kitambaa cha Mama Véronique kimekaa upande.

"Maman, mulikwenda wapi?" Georgette akauliza.

Mama yake akashuka, akanyoosha liputa. "Tulienda kumufikisha papa yako ku kazi," akasema, na akaingia ndani kula.

Polycarpe alibaki uani ameishika baiskeli, anahema. Georgette akamletea maji, yeye mwenyewe, akamngoja anywe, kisha akamuuliza kama ataweza kuwa anakuja siku za soko kumpeleka mama yake, kwa sababu kaka zake wana pikipiki na mama pikipiki anaziogopa. Mzee alinitafuta mimi kwa macho.

"Docta," akasema, "sasa telemusha siège."

Nikalegeza kibano, nikalizamisha bomba mpaka kwenye pete ya karibu, nikakaza. Akapanda pale uani, mbele ya watu wote, bila kwenda popote. Miguu yake yote miwili ikafika chini.